Kompyuta ya Silvia: nimeamua

Hatimaye nimeamua. Nissan Silvia yangu ya toleo la S15 itaachana na kompyuta ya injini iliyotoka nayo kiwandani, ile inayopanga petroli na cheche za plagi. Naandika sasa nilivyofika hapa, maana nikishaanza kushika waya sitakumbuka tena sababu zote.

Ile ya kiwandani naiheshimu. SR20DET, injini ya S15, ilipotoka mwaka 1999 ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 250, na kwa kiwango hicho kompyuta yake inafanya kazi safi kabisa. Injini inawaka kwenye baridi bila kubembelezwa, na inatulia gari likiwa limesimama. Tatizo ni kwamba injini yangu si ile tena. Tabo (inayosukuma hewa ndani ya injini) ni kubwa zaidi, nozeli (zinazopulizia petroli) ni kubwa zaidi, kemshafti (shafti zinazofungua vali) zimebadilishwa, lakini hewa bado inapimwa na sensa ileile ya waya wa moto. Hewa ikipita inaupoza waya, umeme unaongezeka ili joto libaki palepale, na ongezeko hilo ndilo kompyuta inalolisoma kama volti. Volti zikikaribia 5, sensa imefika mwisho wake. Tabo inazidi kusukuma hewa, kompyuta haina habari, petroli haiongezeki. Haya yanatokea wakati presha ndani ya silinda ndiyo kubwa kuliko zote. Pistoni huyeyuka katika hali hiyo.

Ipo njia ya kati: kufunga sensa kubwa ya hewa na kuandika upya programu ndani ya kompyuta ya kiwandani. Wengi wameifuata na magari yao yanakimbia vizuri. Niliifikiria sana, na nguvu ingenitosha. Kilichonikataza ni kwamba kompyuta hiyo haifuatilii presha ya oili, haifuatilii presha ya petroli, na haijui kiasi halisi cha oksijeni kwenye eksozi injini inapobeba mzigo. Jambo la hatari likitokea, itaendelea kuwasha plagi kana kwamba hakuna kitu. Tangu hapo swali langu likabadilika. Nikaacha kuuliza ipi ina vitu vingi, nikaanza kuuliza ipi inaona matatizo ya injini hii mapema na kuchukua hatua yenyewe.

Sokoni kompyuta za injini zimejaa. Kuna MegaSquirt, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 2000 kwa watu waliotaka kuunganisha vipande kwa mikono yao, na Speeduino inayojengwa juu ya bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino Mega 2560. Hizi mbili nazipenda kwa moyo wote, kwa sababu zimewafundisha watu wengi injini inavyofikiri. Upande wa juu wapo MoTeC wa Australia, ambao vifaa vyao vimezoeleka kwenye mashindano. Katikati niliwaweka Haltech, nao wa Australia, Link wa New Zealand, na EMU Black ya ECUMaster kutoka Poland.

Muda mwingi niliutumia kwenye kitu ambacho matangazo hayakigusi sana: kompyuta inajuaje kirenki, shafti inayozungushwa na pistoni, iko wapi. Ndani ya sensa ya SR20, inayozungushwa na kemshafti, kuna sahani nyembamba ya chuma. Ukingoni ina matundu 360, na ndani zaidi yapo mengine manne, moja kwa kila silinda. Taa inamulika upande mmoja, jicho linasoma upande wa pili. Kemshafti ikizunguka mara moja kirenki huzunguka mara mbili, kwa hiyo kila tundu ni nyuzi 2 za kirenki. Usahihi huo unapendeza kwenye karatasi. Lakini katika mizunguko 7,000 kwa dakika ni matundu 21,000 kila sekunde, na si kila kompyuta inayasoma bila kupotea. Halafu sahani haikai kwenye kirenki. Iko ng'ambo ya mnyororo, na mnyororo hulegea na kutetema, kemshafti nayo husukumwa na springi za vali. Ukimulika puli kwa taa ya taimingi (muda wa plagi kutoa cheche) huku mizunguko inapanda, alama haitulii, inacheza mbele na nyuma. Kwenye injini yenye tabo, nyuzi mbili au tatu za taimingi zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya injini salama na injini inayogonga, yaani petroli inalipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda.

Kwa hiyo nitafunga gurudumu la meno 36, moja likiwa limeondolewa, moja kwa moja kwenye puli ya kirenki. Meno yanaachana kwa nyuzi 10, na pengo ndilo linaloiambia kompyuta ianzie wapi kuhesabu. Sensa ya zamani itabaki kwa kazi moja tu, kuonyesha ni silinda ipi iko kwenye zamu ya kuwaka. Hili pia litafanya kikomo cha mizunguko kiaminike, jambo kubwa kwa SR20, kwani inajulikana kwa kurusha roka (vipande vinavyosukuma vali) ikizidishiwa mizunguko.

Nozeli ni suala fupi. Kila nozeli huchelewa kufunguka, na betri ikishuka volti wakati wa kupiga stata inachelewa zaidi. Nitanunua zile tu zinazokuja na jedwali la ucheleweshaji huo kwa kila volti.

Kugonga kwa injini kunasikika kwa sensa, ila lazima kompyuta ijue isikilize sauti ipi. Silinda yenye kipenyo cha milimita 86 ikigonga hutoa mlio wa karibu kilohezi 6.7, hivyo nilitaka kompyuta inayoweza kuchuja masafa hayo na kurudisha taimingi nyuma kwa silinda iliyogonga peke yake.

EMU Black ilinivuta sana, kwa sababu ina kisomaji cha sensa ya oksijeni ya Bosch LSU 4.9 ndani yake. Ila fundi atakayeitengenezea gari hii ramani (majedwali ya petroli na taimingi) anatumia Link kila siku. Anajua inavyofanya injini ikiwa baridi, anajua wapi pa kuangalia gari likikataa kuwaka likiwa na joto. Ujuzi huo una thamani kuliko kisomaji, ambacho naweza kukinunua pembeni. Nimechukua Link.

Kabla ya kuigusa ramani ya petroli nimemwomba tupange ulinzi kwanza. Presha ya oili ikishuka chini ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikatwe. Presha ya petroli isipopanda sambamba na ya tabo, ikatwe. Lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na petroli; ikipanda, petroli ni kidogo) ikivuka 0.85 kwenye mzigo mkubwa, wakati lengo letu ni karibu 0.78, ikatwe pia. Sensa za oili na petroli ndizo nitakazozifunga mwanzo, kisha gurudumu la kirenki, kisha sensa ya ba 3 ya presha ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa). Pini moja nimeiacha wazi kwa ajili ya sensa ya ethanoli, na hiyo bado sijaiamulia.