Siku moja maishani mwangu: vipindi vya muziki shule ya msingi, Bagamoyo

Saa 12:40 asubuhi. Siku inaanza na ngoma. Upepo wa bahari umelowesha ngozi usiku kucha, na ngozi ya mbuzi iliyolegea hulia kama debe lililojaa nguo. Nawasha vifuu vya nazi, nasubiri miali izimike yabaki makaa, kisha nalaza ngoma ubavu, uso wake ukielekea moto umbali wa kama hatua moja. Makuti hayafai kwa kazi hii, maana miali yake huruka ikababua ngozi. Kila baada ya dakika mbili tatu naizungusha na kuigonga kwa vidole karibu na ukingo. Pande zote zikilia sawa, inatoka. Ukiikaza kupita hapo, itapasuka kipindini.

Saa 1:30, mstarini. Wimbo wa taifa una adui mmoja: kiongozi anayeanzia juu mno. Wakifika "Ibariki Afrika", nusu ya shule inapiga kelele na nusu imenyamaza. Nampulizia filimbi sauti ya kuanzia, anaivumisha kwanza akiwa amefunga mdomo, ndipo anaanzisha.

Saa 2:00, darasa la pili. Dakika 30. Napiga makofi manne, wanarudisha, nabadilisha, wanarudisha. Kisha manyanga: chupa ya maji ya nusu lita, ndani vijiko viwili vya mchele. Wapo wanaojaza hadi nusu wakidhani sauti itakuwa kubwa. Mchele ukikosa nafasi ya kuruka, chupa inakuwa bubu. Kifuniko kipakwe gundi. Na manyanga yagawiwe baada ya maelezo yote, maana mtoto aliyekwisha shika kitu cha kutikisa hasikii tena mwalimu.

Saa 3:20, darasa la tano. Hiki ndicho kipindi kizito kuliko vyote: mbili kwa tatu, yaani mkono mmoja unapiga mara mbili huku mwingine ukipiga mara tatu. Ngoma nyingi za pwani zinakaa humo, na mtoto wa hapa ameshaisikia tangu mgongoni mwa mama yake, ila kuitenganisha kwa mikono miwili ni kazi nyingine.

Hesabu ni sita. Mkono wa kulia unapiga 1, 3 na 5. Wa kushoto unapiga 1 na 4. Ukiandika hivyo ubaoni, darasa zima linakwama, kwa sababu kila mtoto anahesabu badala ya kupiga. Kwa hiyo tunaanza na mdomo: *cha-i-ma-zi-wa-ee*. Silabi sita, mapigo sita. Mikono yote miwili kwenye "cha", kulia kwenye "ma", kushoto kwenye "zi", kulia tena kwenye "wa". "I" na "ee" zinasemwa tu, mikono imetulia.

Hiyo "ee" ndiyo inayotunza hesabu. Ukiiacha, watoto wanameza pigo la sita na kurudi mwanzo mapema, sita inageuka tano, na waliokaa nyuma wanaachana na waliokaa mbele. Utaratibu wangu: wote waseme tu mpaka isiyumbe, waseme huku wakipiga mapaja, kisha wanong'one huku wakipiga dawati, mwisho wanyamaze, mikono iendelee. Anayepotea anarudi kusema kwa sauti. Hakuna kushika ngoma kabla ya hapo, hata kama kipindi cha dakika 40 kitaisha na ngoma hazijaguswa.

Saa 4:00. Uji.

Saa 4:40, darasa la nne. Chupa tatu za soda za kioo, za aina ileile, kwa sababu unene wa kioo hubadilisha sauti. Zinakaa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Zikikaa juu ya mbao tupu mlio unakatika. Chupa tupu ndiyo *mi*. Ya pili inatiwa maji mpaka ishuke kwenye *re*, ya tatu zaidi mpaka *do*. Ukikaribia sauti, ongeza kijiko kimoja kimoja. Tunagonga kwa penseli.

Kisha nawaambia wapulize mdomoni mwa chupa zilezile, na mambo yanapinduka: yenye maji mengi sasa ndiyo yenye sauti ya juu. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo, na maji yanakilemea. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa, na maji yanaipunguzia nafasi. Kwa hiyo mwalimu akipanga chupa kwa kugonga halafu darasa likapuliza, wimbo utatoka kichwa chini.

Chupa hizi zisichanganywe na ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambayo mji huu unaijua vizuri kupitia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose. Ilimba ina mpangilio wake wa sauti, tofauti na wa piano. Anayedai kuirekebisha kwa kinanda anaiharibu.

Saa 9:00 alasiri, kikundi cha ngoma. Wapigaji wa chapuo, ngoma ndogo, wanashika "chai maziwa ee", na vumi, ngoma kubwa, inapiga 1 na 4 tu. Wa chapuo huwa wanakimbiza mapigo, hasa wachezaji wakianza kushangiliwa. Kuwapigia kelele hakusaidii. Nawavalisha wachezaji wawili njuga na kuwaweka mbele ya wapigaji. Mkono unafuata mguu unaouona.

Saa 10:30. Chupa zinamwagwa maji, mbu wasizaliane. Kuna ngoma moja ya kuwambwa upya kesho, hivyo ngozi yake inalala kwenye ndoo mpaka asubuhi ilainike. Ikishawambwa itakauka kivulini. Juani upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, ngozi ikavutika vibaya na vigingi vikaanza kuchomoka.