Nilivyoyatenganisha magimbi na maua yanayofanana nayo

Nyumba tuliyopanga hapa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, ina bustani iliyojaa mimea ya majani mapana, na kila aliyepita uani alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema yenye vikonyo vya zambarau yote ni sumu. Mwingine akasema yanayoota penye majimaji yote ni chakula. Hakuna aliyesema kweli, kwa sababu magimbi mengi yanayoliwa yana vikonyo vya zambarau, na maua ya jamii hiyo hupenda unyevu vilevile.

Aliyeniudhi zaidi ni jirani yetu, mzee mwenye sauti ya uhakika, aliyedai kwamba kipimo ni ulimi: unakata kipande cha kikonyo, unakigusisha ulimini, na kikiwasha ujue hilo ni ua. Kabla sijamzuia alikuwa ameshakata na kuonja. Alisimama kidogo akitabasamu kama mwalimu aliyemaliza kufundisha, kisha akakohoa, akatema mate, akaomba maji, akaomba maziwa, na kwa sauti iliyokwaruza akatoa hukumu: "Ng'oa yote, mwanangu, hii ni sumu tupu." Shina alilolihukumu ndilo tulilokuja kulila kwa chai. Gimbi halisi likiwa bichi huwasha kama ndugu zake wa mapambo, kwa kuwa wote wana chembe za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano zinazochoma ulimi na koo, na dawa yake ni kulipika sana. Kuna maua mengine ya ukoo huo, hasa lile la ndani ya nyumba lenye majani ya kijani yaliyomwagiwa weupe, ambayo huweza kuvimbisha ulimi hadi mtu ashindwe kusema. Kwa hiyo kipimo hicho hakitofautishi kitu, na kinaweza kumpeleka mtu hospitali.

Ujanja wangu, ambao bado naona fahari kuusimulia, ulikuwa kutafuta shahidi. Nilikwenda sokoni Tengeru kwa mama anayeuza magimbi ya kupika, nikamwamkia na kumweleza kwamba nataka la kuotesha. Akacheka, akapekua fungu lake na kunichagulia madogo. "Chukua lenye jicho," alisema, "hilo kubwa limekatwa kichwa, utamwagilia mpaka uchoke." Nililipa elfu mbili au tatu hivi, nikayafukia kwenye ndoo ya udongo uliolowana vizuri, nikasubiri. Yalipotoa majani ya kutosha nilianza kuihamisha ndoo kutoka kichaka hadi kichaka, huku wapita njia wakidhani natembeza mgonjwa.

Tofauti ilionekana mahali ambapo hakuna aliyewahi kuniambia nipatazame. Katika gimbi la ndoo, kikonyo hakikushika kwenye ule mpasuko unaotenganisha masikio mawili ya jani bali kilishika upande wa chini, ndani kidogo ya ukingo, na juu ya jani, pale pale kiliposhika, palikuwa na alama ya zambarau kama kitovu. Ncha ya jani ilielekea chini. Vile vichaka virefu karibu na ukuta vilikuwa na majani yanayong'aa, ncha zikielekea juu, vikonyo vikiwa vimeshika kwenye mpasuko wenyewe, na shina nene lilikuwa limepanda juu ya ardhi kama mgomba mfupi. Hayo ni maua. Lakini lazima utazame majani makubwa, kwa sababu machanga ya ua hilo huweza kuwa na kikonyo kilichoshika kwa ndani na kukudanganya. Hata yale madogo yenye madoa mekundu na meupe yana kitovu kama cha gimbi. Kinachoyafichua ni hayo madoa na wembamba wa jani, na hayaliwi.

Kilichobaki kilikuwa kichaka kimoja chenye umbo la mshale, kikonyo kikiwa kwenye mpasuko, na mshipa mwembamba ukizunguka jani lote karibu na ukingo. Yapo magimbi ya aina hiyo yanayolimwa na kuliwa, kwa hiyo kanuni ya kitovu peke yake ingenifanya nitupe chakula. Nilichimba pembeni nikakuta vitoto vingi vimelizunguka shina mama, nikamfikishia yule mama wa sokoni jani pamoja na vitoto hivyo. Akavitambua mara moja na kuniuliza kama ninauza.

Kumenya, paka mafuta mikononi kwanza. Kuchemsha, endelea hadi kisu kizame bila kubishana, na ukionja ukahisi mwasho wowote kooni, rudisha sufuria motoni. Visivyofanana na gimbi la ndoo wala kutambuliwa na yule mama nimeviacha viendelee kuwa maua, ingawa jirani bado ananisisitizia nivionje kwanza.