ODI, List A na T20: nilivyozielewa kwa kutoa badala ya kujumlisha

Kwenye kriketi, ova ni fungu la mipira sita. ODI ni mechi za kimataifa za siku moja, List A ni mechi za siku moja za ngazi ya juu, za kimataifa na za ndani ya nchi, na T20 ni mechi fupi za ova 20 kwa kila timu. Kuna jamaa anayejiita mjuzi wa kriketi aliyeniambia, "We hesabu ova tu. Hamsini ni ODI, ishirini ni T20, basi." Ushauri huo umewapoteza wengi, na bado unaniudhi. Novemba 2022 Narayan Jagadeesan wa Tamil Nadu, timu ya jimbo la India, alipiga mikimbio (yaani alama) 277 katika mechi ya ova 50, lakini rekodi ya ODI ikabaki 264 ya Rohit Sharma wa India, aliyoiweka dhidi ya Sri Lanka mwaka 2014. Ukihesabu ova peke yake, hapo huna jibu.

Jibu nililipata kwenye takwimu za Sachin Tendulkar, mchezaji maarufu wa India. Safu ya ODI: mechi 463, mikimbio 18,426. Safu ya List A: mechi 551, mikimbio 21,999. Mjuzi wetu alizijumlisha, akatangaza kwa kishindo kwamba Tendulkar alicheza mechi 1,014 za siku moja! Mimi nikatoa. 551 toa 463, zinabaki 88. Mikimbio nayo inabaki 3,573. Hizo 88 ndizo mechi zake za List A zisizo na hadhi ya ODI. Nilifurahi mno, nikaanza kuwatolea wachezaji wengine mmoja baada ya mwingine, na kila mara hesabu inakubali, kwa sababu ODI ni chumba ndani ya nyumba ya List A. Kila ODI ni List A, ila si kila List A ni ODI. Jagadeesan alikuwa akicheza Vijay Hazare, mashindano ya ndani ya India, ndiyo maana 277 yake inakaa List A.

T20 usiiguse kwenye hesabu hiyo. Ina safu yake, na T20I, yaani zile za kimataifa, zimo ndani yake. Tendulkar ana T20I moja tu.

Ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba hadhi hutolewa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Itazame Kenya. Mwaka 2003 ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, ODI kamili. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi hiyo, na ilipoingia Challenge League, ligi ya ICC ya timu zisizo na hadhi ya ODI, mwaka 2019, mechi zake za ova zilezile 50 zikaandikwa List A. Wakati huohuo, tangu Januari 1, 2019, mechi za T20 za wanaume kati ya wanachama wa ICC zina hadhi ya T20I. Kwa hiyo timu inaweza kuwa na T20I bila kuwa na ODI. Kabla ya kulinganisha rekodi, tazama kwanza ni mashindano gani.

Ukiikuta mechi katikati, angalia mgao wa mrushaji, yaani ova anazoruhusiwa kurusha: kikomo ni ova 10 kwenye ODI, 4 kwenye T20.

Na hizo ova zenyewe zimebadilika. ODI ya kwanza, Melbourne 1971, ilikuwa ya ova 40 zenye mipira minane kila moja. Kombe la Dunia la 1975 lilichezwa kwa ova 60, na 50 zikaja 1987. Zote ni ODI. The Hundred, iliyoanza Uingereza mwaka 2021, ina mipira 100 kwa kila timu, haifiki hata ova 17, na takwimu zake zinaingia T20.