Siku yangu labo Bukavu: chachu ndani ya damu

Saa moja asubuhi. Nateremka kutoka Kadutu kwa miguu, na kabla sijakaa naangalia kipimajoto cha inkubeta. Nyuzi 35, vizuri. Usiku umeme ulikatika lakini betri zimeshika. Baridi ikiingia humo, chachu, yaani kuvu tunaoutafuta kwenye damu, inakua kwa uvivu, na duara la dawa, ile sehemu tupu ambapo dawa imezuia chachu kuota, linaonekana kubwa kuliko haki yake.

Saa mbili. Naanza na mtoto njiti. Jana chupa ya damu yake ilitoa chachu kwenye hadubini, leo koloni nyeupe, vishada vya chachu, zimeota. Nagusa koloni moja, nachanganya na nusu mililita ya seramu (maji ya damu), naweka kwenye nyuzi 37. Nasubiri muda wa saa mbili hadi tatu, basi, nione kama seli zitachipua. Ukipitiliza, spishi nyingine nazo huanza kurefuka na kukupotosha. Huku nasubiri, natayarisha diski, vikaratasi vyenye dawa, za kupima kama dawa inaizuia chachu. Tope la chachu nalilinganisha na McFarland 0.5, kipimo cha ukungu wa tope, nalipaka kwa pande tatu juu ya ajari (jeli ya kuoteshea) ya Mueller-Hinton yenye glukosi asilimia 2 na bluu ya methileni, kisha naweka diski ya flukonazoli, dawa ya kuvu, mikrogramu 25.

Saa nne na nusu. Seli za mtoto zimechipua mirija myembamba isiyobanwa pale inapoanzia. Karibu hakika ni Candida albicans, aina mojawapo ya chachu. Napiga simu neonatolojia, wodi ya watoto wachanga: katheta ya kitovu, ule mrija wa plastiki, iangaliwe leo, maana chachu hung'ang'ania plastiki.

Saa tano. Hapa ndipo siku yenyewe ilipo. Kuna sahani ya mama aliyepasuliwa tumbo, diski iliwekwa jana mchana. Duara lipo, na mwanafunzi wetu wa stashi (mafunzo kwa vitendo) tayari ameshika rula.

“Mama, niandike inasikia dawa?”

“Ngoja, mwanangu. Tazama kwanza ile ajari ya rangi, inayoonyesha spishi kwa rangi ya koloni.”

Koloni ni za waridi, kavu, kingo zimekwaruzika. Candida krusei. Hii ina ukinzani wa asili kwa flukonazoli, kwa hiyo milimita zozote utakazopima hazina maana kwa mgonjwa. Kwangu mimi, kupima duara bila kujua spishi ni hatari kuliko kutopima kabisa, kwa sababu daktari ataiamini karatasi.

Nampigia simu daktari wake. “Docta, yule mama wa kitanda cha dirishani, flukonazoli haitamsaidia.”

Kimya kidogo. Mgonjwa alikuwa ameianza dawa hiyo tangu juzi. Tunakubaliana: amfoterisini B, dawa nyingine ya kuvu, na damu mpya ya kupandwa kila siku hadi chachu isionekane tena.

Mchana ni mikojo, vinyesi, madaftari.

Saa tisa inaletwa damu ya yule mama kwa ajili ya kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu, kwani amfoterisini huumiza figo na kushusha potasiamu. Naipitisha mbele ya foleni yote. Potasiamu iko chini kidogo. Napiga simu tena, waanze kuirekebisha kabla ya dozi ya jioni.