Mti wa Gigiri na Maji ya Kangemi

Nyuma ya kanisa letu kuna safu ya miche 18 ya miti ya kienyeji iliyopandwa Novemba mwaka jana, siku ambayo parokia iliitenga kwa ajili ya mazingira. Tulivaa fulana za kijani, paroko akainyunyizia miche maji ya baraka, wanakwaya wakaimba, na picha zikasambazwa kwenye simu kabla hata hatujanawa udongo mikononi. Kufikia katikati ya Februari, miche 11 ilikuwa imekauka. Ndipo katekista alipokuja kwenye mkutano wa jumuiya na karatasi ya zamu ya kumwagilia: kila familia ipeleke lita 5 za maji jioni ya siku yake. Mama mmoja anayeishi kwa kufulia watu nguo aliinua mkono akasema, "Mwalimu, lita tano ndizo wanazoogea watoto wangu wote watatu. Sasa siku ya zamu yangu, nani asioge?" Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, na katekista akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Jioni ile niliutoa tena kabatini waraka wa hayati Papa Fransisko, Laudato si', uliotolewa Juni 2015, ambao wengi wetu tunautaja kila Septemba unapoanza msimu wa kuombea kazi ya uumbaji, lakini ambao ni wachache, nami nilikuwa mmoja wa wasiokuwemo, waliousoma aya zake zote 246. Nilikuwa nikiufahamu kama waraka wa miti, plastiki na hali ya hewa. Nilipousoma kwa utulivu, nikiwa bado na swali la yule mama masikioni, niliona kwamba nilikuwa nimesoma nusu yake tu. Aya ya 49 inadai kwamba mjadala wa mazingira uingize ndani yake swali la haki, ili tusikie kilio cha dunia na kilio cha maskini kwa pamoja. Na aya ya 139 inasema waziwazi kwamba hatuna migogoro miwili, mmoja wa mazingira na mwingine wa jamii, bali tuna mgogoro mmoja wenye sura zote mbili. Kwa Kiswahili cha Kanisa jambo hilo limepewa jina la ekolojia fungamani, nami nalipenda neno fungamani kwa sababu linakumbusha kamba: ukiuvuta uzi mmoja, mwingine unakaza.

Sisi wa Nairobi hatuna udhuru wa kutolielewa hilo, kwa maana mwandishi wa waraka huo alikuja mwenyewe kutufafanulia, miezi mitano tu baada ya kuutoa. Tarehe 26 Novemba 2015 alikwenda Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, akapanda mti, na akaonya kwamba ingekuwa ni balaa iwapo maslahi ya wachache yangeshinda mafao ya wengi katika mkutano wa tabianchi uliokuwa ukikaribia kuanza Paris. Kesho yake asubuhi, Ijumaa, alikwenda mtaa wa mabanda wa Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayohudumiwa na Wajesuiti wenzake, na huko alizungumzia vyoo, mifereji ya maji taka, uzoaji wa taka, kodi kubwa zinazotozwa kwa vyumba visivyofaa kuishi binadamu, na zaidi ya yote maji ya kunywa. Alisema kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha kiofisi ni dhuluma kubwa, hasa pale ambapo kuna mtu anayejipatia faida kutokana na shida hiyo. Hotuba hizo mbili ni fundisho moja lililotolewa kwa siku mbili. Kwa maoni yangu, kosa letu maparokiani ni kwamba tuliuchukua mti wa Gigiri tukaiacha hotuba ya Kangemi palepale ilipotolewa.

Mtu anaweza kujiuliza Kanisa linapata wapi mamlaka ya kuingia katika mambo ya mabomba na kodi za nyumba. Jibu liko katika ukurasa wa pili wa Biblia. Kwa miaka mingi tumekariri Mwanzo 1:28, kwamba mwanadamu aijaze nchi na kuitiisha, na neno hilo kutiisha limewafaa sana wale waliotaka kukata, kuchimba na kuuza bila kuulizwa. Waraka unatuelekeza mbele kidogo, kwenye 2:15, ambapo Mungu anamweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Aliyewahi kulima shamba la mzee wake anajua tofauti iliyopo. Unalima, unakula jasho lako, lakini hulifanyi jangwa, kwa sababu halikuanza na wewe wala halitaishia kwako. Ndugu zako nao wana haki ndani yake, hata wale ambao bado hawajazaliwa.

Hapa ndipo mafundisho jamii ya Kanisa yanapowakwaza watu wenye mali, na yamekuwa yakiwakwaza tangu Papa Leo XIII alipoandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891. Kanisa linatetea haki ya mtu kumiliki mali yake, lakini linafundisha kwamba mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya watu wote, na aya ya 93 ya Laudato si' inakumbusha kwamba mapokeo ya Kikristo hayajawahi kuiona haki ya umilikaji binafsi kuwa haki isiyo na mipaka. Isome sentensi hiyo katika jiji hili. Mnamo Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi kwa sababu walikuwa wakidai uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta. Miezi kumi baadaye, pale Kangemi, Papa aliwataja waendelezaji wa ardhi wasiojulikana sura zao, wanaojirundikia viwanja na kufikia hata kunyemelea viwanja vya michezo vya shule za watoto. Hakuitaja shule kwa jina. Hapakuwa na haja.

Wala si kweli kwamba kupanda mti ni jambo la upole lisilomgusa mtu. Profesa Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyesomeshwa na watawa Wakatoliki huko Nyeri na Limuru, na baadaye katika chuo cha Wabenediktini kule Kansas, alijua hilo kuliko wengi wetu. Mnamo Januari 1999 alikwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, ambao ulikuwa umegawiwa wajenzi binafsi, akapigwa na walinzi mpaka akachuruzika damu kichwani. Mche wake ulikuwa unauliza swali juu ya hati miliki. Miche yetu 18 nyuma ya kanisa, nasema hili kwa heshima ya paroko wetu ambaye ni mtu mwema, haikumuuliza mtu yeyote swali lolote.

Nirudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyonichokoza. Aya ya 30 inatamka kwamba kupata maji safi na salama ni haki msingi ya kila binadamu, kwa kuwa bila maji hakuna haki nyingine inayoweza kutekelezwa. Jirani yangu yule mwenye watoto watatu hana bomba. Ananunua kwa mtungi wa lita 20 kwenye kioski, na mfereji unapokauka kwa siku tatu, bei ya mtungi hupanda mara mbili na mchuuzi hujiona ametenda wema kwa kukuletea mlangoni. Ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda katika miji kama Nairobi hulipa mara 5 hadi 10 zaidi kwa kila lita kuliko wakazi wa mitaa ya kitajiri ya mji uleule. Kangemi imepakana na Loresho, mtaa wa kitajiri; upande mmoja bustani zinamwagiliwa kwa mpira, upande wa pili mitungi ya manjano imepangwa foleni tangu alfajiri. Waraka haukuisahau hata picha hiyo: aya ya 45 inazungumzia maeneo ya kijani yaliyotunzwa vizuri katika sehemu za mji zinazoitwa salama, na kukosekana kwake kule wanakoishi watu ambao jamii imewatupa.

Mvua za masika za 2024 zilitufunulia upande mwingine wa jambo hilohilo. Watu zaidi ya 200 walikufa kwa mafuriko nchini, na mara baada ya hapo serikali ikaamuru waliojenga kandokando ya mito wahame, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Ni kweli kwamba kingo za mto si mahali pa kujenga, na mtu anayeyapenda mazingira hawezi kubisha. Lakini aya ya 152 inasema kwamba pale inapolazimu kuwahamisha maskini, wapewe taarifa mapema, waonyeshwe makazi ya heshima ya kuchagua, na wenyewe washirikishwe, ili mateso yasirundikwe juu ya mateso. Aliyelala kwenye matope usiku ule, akiwa amekumbatia godoro lililolowa, alihamishwa kwa jina la kulinda mto ambao si yeye aliyeuchafua zaidi.

Sisemi haya ili watu waache kupanda miti. Maji mengi ya Nairobi yanatoka katika mito inayoshuka kutoka misitu ya Nyandarua na kukusanywa katika mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, kwa hiyo anayekata mti kule juu anafunga bomba huku chini, na wa kwanza kufungiwa ni yule wa mwisho kwenye mstari wa mabomba.

Katika mkutano uliofuata wa jumuiya, niliomba tusome aya ya 30 badala ya karatasi ya zamu. Tuliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mtoto alikuwa analia. Kisha mzee mmoja fundi wa mabati akauliza mbona paa la kanisa ni kubwa hivyo na mvua yake yote inaishia barabarani. Maneno hayo yalipelekwa kwenye halmashauri ya parokia, yakabishaniwa kwa Dominika tatu, na hatimaye milizamu ikafungwa na tangi la lita 10,000 likawekwa upande wa sakristia, karibu na ile miche 7 iliyosalia. Masika yameanza na tangi limejaa hadi juu. Kinachotugawanya sasa ni ufunguo: halmashauri inataka ukae ofisini na maji yatolewe baada ya Misa kwa waamini walioandikishwa, na yule mama wa kufua anasema kuwa jirani yake Mwislamu naye ana kiu, na hahudhurii Misa. Tunakutana tena Jumatano.