Siku moja maishani mwangu: kitengo cha usonji ndani ya shule ya msingi

Saa 12:30 asubuhi. Watoto wetu wenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na tabia) hawajafika. Kazi ya kwanza ni kutundika ratiba. Kila mtoto ana yake: kamba ya katani ukutani, usawa wa macho yake, na vibanio vya nguo vimeshika kadi kutoka kushoto kwenda kulia. Kadi tunazikata kwenye maboksi ya sabuni, sentimita 8 kwa 8, tunabandika picha na kuifunika kwa selotepu pana isilowe. Mtoto ambaye bado haelewi picha anatundikiwa kitu chenyewe: kijiko ni uji, kipande cha taulo ni kunawa, mkanda wa begi ni nyumbani. Shughuli ikiisha, anakitoa mwenyewe na kukitumbukiza kwenye kopo. Wageni hudhani ni mapambo. Mwalimu akiitundika asiitumie, kweli inakuwa mapambo.

Saa 1:15. Bajaji zinaanza kuingia. Kengele ya shule ni ringi ya gari inayogongwa kwa nondo, na kuna mtoto ambaye mlio huo unamharibia asubuhi nzima. Tumeelewana na mwalimu wa zamu: kabla ya kugonga anamtuma kiranja mlangoni kwetu, mtoto anaonyeshwa kadi ya kengele, anaziba masikio yake mwenyewe. Mstarini hawaendi wote. Asiyevumilia ngoma anasimama mbali chini ya mti, na kila wiki tunasogea hatua chache.

Daftari la mawasiliano linauliza mambo matatu tu: amelala vipi, amekula nini, amekunywa dawa? Usonji na kifafa huandamana kwa watoto wengi. Dawa ya jana usiku ikirukwa, leo hakuna bembea. Akianguka analazwa ubavu, hatiwi kitu mdomoni, na mtu mmoja anaangalia saa: zikipita dakika 5, ni hospitali.

Saa 2:00. Mwili kwanza. Kidumu cha lita 5 kilichojaa nusu, kutoka bombani hadi bustanini, kwa dakika 15. Uzito huo huwatuliza wengine. Wanaopandwa na wazimu wa mbio wanapewa ufagio.

Saa 2:30. KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Darasa lililozoea kuimba "ba, be, bi, bo, bu" linapendeza sikioni, ila linaficha mengi. Mtoto anaweza kukariri wimbo mzima bila kuijua herufi hata moja. Kipimo ni rahisi: toa kadi ya "bo" peke yake, kisha "bi", nje ya mpangilio. Akianza kuimba kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka aifikie, bado hasomi. Tunamrudisha kwenye silabi mbili tu, "ma" na "bo", mpaka azitambue papo hapo, ndipo inaingia ya tatu. "B" na "d" hatuzifundishi wiki moja. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, mwenye disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma) anaweza kusoma sahihi lakini polepole mno, na mwalimu asiyejua humwita mvivu. Tunapima kasi pia: maneno mangapi kwa dakika moja. Vikwazo huonekana zaidi kwenye "mbw", "ng'" na "nyw".

Kuhesabu ni vizibo vya soda na trei ya mayai iliyokatwa ibaki na vishimo 10. Vishimo vikijaa, kazi imekwisha, na mtoto anaona hivyo bila kuambiwa. Ukimpa bakuli la maharage ahesabu, haoni mwisho wake, atalimwaga.

Saa 4:00. Uji. Hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, ingawa kwenye ratiba ya shule kinaitwa mapumziko. Mtoto asiyesema anaomba kwa kadi: anaichukua, ananyoosha mkono, anaiweka kiganjani mwa mwenye birika. Hapo ndipo mwenye birika anapotamka "uji" na kumimina. Mwanzoni wanahitajika watu wazima wawili. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, anamwongoza mkono, na hasemi neno. Njia hii ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na hujaribiwa kwingi, lakini huharibikia palepale: mwenye birika anauliza "Unataka nini?" Mtoto anajifunza kungoja swali. Kosa la pili ni kujaza kikombe, maana hana sababu ya kuomba tena. Tunamimina robo kikombe.

Mzazi akiambiwa mtoto wake leo ameomba uji mara nne bila kuulizwa, hukunja uso. Alitaka kusikia habari za herufi. Sisi tunaandika yote mawili kwenye daftari moja, kwa uzito uleule.

Kisha kunawa kwenye kibuyu chirizi, kidumu kinachomwaga maji ukikanyaga kijiti: kanyaga, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, kung'uta. Tunafundisha kuanzia mwisho. Mlezi anamsaidia hatua tano, ya sita anaachiwa mtoto, ili kila mara amalize yeye.

Saa 5:30. Wawili wanakwenda Darasa la Tatu, hisabati, dakika 20. Maswali 5 kwenye karatasi badala ya 20, kiti cha mbele mbali na mlango, na kazi ya kugawa madaftari ili anyanyuke kwa ruhusa.

Saa 6:15. Mtoto akilipuka, tunapunguza maneno, wenzake wanatolewa, hashikwi isipokuwa kama anajiumiza. Baadaye tunaandika kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mara nyingi tunakuta alipiga kelele kipindi cha kuandika, akatolewa nje, basi kelele zimekuwa ndiyo njia ya kutoka. Dawa yake ni kadi ya "pumzika" anayoruhusiwa kuitumia kabla hajafika huko.

Saa 8:00. Dukani na mtoto mmoja, kwa shilingi halisi. Sarafu ya 500, andazi, chenji. Mama mwenye duka ameshaambiwa asubiri, na kwamba kuinamisha kichwa ndiyo shikamoo ya mtoto huyu. Bila hilo anaonekana hana adabu.

Saa 9:30. Wamekwenda. Kila hatua ya siku inapewa herufi: M ameshikwa mkono, I ameonyeshwa ishara, N ameambiwa kwa neno, P peke yake. Akipata P mara nne kati ya tano kwa siku tatu, tunasonga mbele. Akibaki kwenye M wiki mbili, hatua ilikuwa kubwa mno, tunaikata: kupaka sabuni kunagawanywa kuwa kuishika na kuizungusha, na Jumatatu tunaanza na kuizungusha.