Namna Tulivyoupunguza Wizi Mtaani Kwetu, Baada ya Daftari Langu Kunitia Aibu

Shemeji yangu, ambaye hajawahi kulinda hata banda la kuku, ndiye aliyenishauri nipachike vipande vya chupa juu ya ukuta na ninunue mbwa. Nilivitekeleza vyote viwili. Mwizi hakuupanda ukuta; alipita getini, akang'oa mita ya maji pamoja na bomba la nje, na mbwa niliyeuziwa kwa sifa ya ukali tulimkuta asubuhi amelala kando ya gazeti lililokuwa limefungia vichwa vya samaki. Ninayaandika haya kwa sababu hadi leo nasikia watu wakipeana ushauri wa namna hiyo, kila mtu na ukuta wake, ilhali mwizi wa huku kwetu Kivule haibi nyumba moja, bali huuzungukia mtaa mzima, leo kwako na kesho kwa jirani yako.

Mwaka 2022, vikundi vya vijana walioitwa Panya Road vilipovamia nyumba katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha mkutano, na kwa mara ya kwanza watu wakaja bila kubembelezwa. Tuliamua kuanzisha ulinzi shirikishi. Vijana wanane walipendekezwa na wajumbe wao, polisi kata akawapa maelekezo, na kila kaya ikatakiwa kuchangia elfu mbili kwa mwezi, wenye maduka zaidi kidogo. Fedha zilizokusanywa hazijawahi kulingana na zilizoahidiwa, lakini zilitosha kununua tochi, makoti ya mvua na buti, na kuwapa vijana posho ambayo sitaitaja kwa kuwaonea haya.

Kwa kuwa mimi ni mhasibu mstaafu, nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ulinzi, na hapo ndipo nilipoifanya kazi ninayoijua. Nilinunua daftari gumu, nikalichora safu kwa rula, nikalitia ndani ya mfuko wa plastiki na kulitundika kwenye mwembe ulio katikati ya mtaa, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila saa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, mlinzi wa zamu alitakiwa kufika pale, aandike jina, saa na hali aliyoiona. Kwa wiki tatu daftari lilijaa vizuri mno. Nilimpelekea mwenyekiti alione, naye akasema kwamba mitaa mingine ingefaa ije kujifunza kwetu, nami sikumpinga.

Usiku mmoja jirani yangu aliibiwa mota ya kuvutia maji, nyumba mbili tu kutoka kwenye ule mwembe. Aliponigongea nilitoka na msuli wangu na tochi, nikaenda moja kwa moja kwenye daftari ili nijue ni nani aliyekuwa zamu. Saa yangu ilionyesha saa tisa kasorobo. Nikasoma: saa nane, hali shwari, saa tisa, hali shwari, saa kumi, hali shwari, mvua kidogo. Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa na nyota tele. Saa kumi na moja nayo ilikwisha kuandikwa, kwa wino uleule na mwandiko uleule ulioinama upande mmoja. Walinzi wenyewe tuliwakuta kwenye kibanda cha fundi seremala wamejifunika makoti niliyowanunulia, na mmoja wao, aliposhtushwa na mwanga, alichoweza kusema ni, "Shikamoo, mzee." Nimekagua vitabu kwa zaidi ya miaka thelathini na nimeona stakabadhi za kila aina ya uongo, lakini sikuwahi kukutana na kitabu kilichotabiri mvua.

Kwa siku kadhaa sikutoka nje kwa raha. Kilichonitoa katika fedheha hiyo ni kumbukumbu za Kahama, nilikokulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipowashinda watu, wanavijiji wa huko walijiunga katika sungusungu, kundi lililochukua jina la wale siafu weusi, na ambalo serikali ililitambua kisheria mwaka 1989. Watu wengi hukumbuka pinde na mishale yao. Mimi ninachokumbuka ni sauti: filimbi ikilia, nyingine ikiitika kwa mbali, na marehemu baba akitoka nje kabla hajapata kiatu cha pili. Hapakuwa na daftari, kwa sababu ukimya wenyewe ulikuwa taarifa.

Tukanunua filimbi za marefa. Tuliugawa mtaa katika vituo vinne, na kuanzia saa sita usiku, kila saa, kituo cha bondeni hupuliza mara moja, cha kisimani huitika, kisha cha msikitini, na mwisho cha kwa seremala. Kituo kisipoitika, walinzi wa kituo cha jirani hulazimika kwenda kutazama. Mlio mrefu usiokatika maana yake ni watu watoke. Wiki ya kwanza nilitukanwa na wenye watoto wachanga. Mzee mmoja aliyewahi kuvaa sare alinieleza kwa ukali kwamba ninamwonyesha mwizi mahali walinzi walipo, na kwa kweli hoja yake ilikuwa na uzito. Ndiyo maana kati ya saa na saa walinzi hutembea kimya, tochi zimezimwa, na njia hubadilishwa kila siku. Yeye mwenyewe siku hizi, mlio ukichelewa, hunipigia simu.

Jambo ambalo nusura lituponyoke ni la siku ya kumkamata mtu. Sheria humruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, mradi amfikishe polisi bila kuchelewa, lakini saa tisa usiku sheria hiyo haisomwi na mtu aliyeshika panga. Kwa hiyo tuliafikiana mapema kwamba mtuhumiwa atafungiwa katika karakana ya seremala, ufunguo ashike imamu, na polisi kata apigiwe simu papo hapo. Vijana wawili waliponaswa na mota ndani ya kiroba, umati ulikwisha kuanza kuulizana kuhusu tairi. Imamu aliketi kwenye kigoda mlangoni, akaanza kuwauliza watu habari za familia zao, mmoja baada ya mwingine kwa jina, mpaka gari la polisi lilipofika. Mmoja wa wale vijana alikuwa mtoto wa mama anayelipa mchango wake kila mwezi bila kukumbushwa. Hatukumwondoa mama huyo katika orodha, wala hakuna aliyethubutu kumsema mkutanoni.

Kuhusu mnunuzi wa vyuma chakavu, tulimwomba asipokee mita wala koki kwa mtoto au kwa mtu asiyemfahamu, na baada ya mazungumzo yaliyorefuka kidogo alikubali. Wizi haujaisha, mwezi uliopita tumepoteza mtungi wa gesi na nguo za kwenye kamba. Hata hivyo mita hazing'olewi tena.

Nimalizie na aliyewakamatisha wale wawili, kwa kuwa watu hudhani ni walinzi wangu. Ni mama muuza vitumbua, ambaye kila siku huamka saa tisa kuumua unga wake, na aliyewaona kupitia upenyo wa jiko lake wakihangaika na kiroba juu ya bodaboda. Alikuwa na filimbi ya mwanawe. Mwezi uliofuata alikataa kutoa elfu mbili, akasema mlinzi halipi ada ya ulinzi. Kamati ilijadili hoja hiyo kwa dakika chache, kisha nikaagizwa kuliandika jina lake juu kabisa ya orodha ya walinzi, naye akauliza posho yake inalipwa lini.